Fahari ya Kilwa Machoni pa Wageni

Katika mwaka 1331, wakati wa pepo za kaskazi, chombo kilichotoka upande wa Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa kilitia nanga Kilwa. Ndani yake alikuwamo mtu wa Tangier, Ibn Battuta, aliyekuwa na umri upatao miaka 27, ambaye alitoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji na tangu hapo hakuacha kusafiri. Hakukaa sana. Kusi ilipovuma alipanda chombo tena akaelekea Dhofar, na hakurudi pwani hii maishani mwake. Zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa amekwisha rejea Maghribi, alimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy habari za safari zake zote. Maneno machache aliyoyasema juu ya Kilwa ndiyo yaliyoufanya mji huo kuwa mfano wa utajiri wa pwani ya Afrika Mashariki mpaka leo. Hapana mwanafunzi wa historia ya Waswahili asiyeyajua. Lakini ushahidi wa mgeni ni ushahidi wa namna yake, nao wahitaji kupimwa kabla ya kuaminiwa, hasa mgeni huyo anaposifu karamu aliyoalikwa.

Mfalme wa Kilwa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Vipaji, kwa ajili ya ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia kisa kimoja kinachoeleza jina hilo. Siku ya Ijumaa mfalme alikuwa akitoka msikitini kwenda kwake, fakiri mmoja wa Yemeni akamzuia njiani akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Mfalme alikubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Basi mfalme alirudi akaingia nyumbani kwa khatibu wa msikiti, akavaa nguo nyingine, akamwambia fakiri aingie azichukue zile. Watu walistaajabia unyenyekevu huo wakamsifu sana. Mwana wa mfalme, aliyekuwa mrithi wake, akazitwaa zile nguo kwa fakiri, akampa badala yake watumwa 10. Na mfalme aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru yule fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husomwa aghalabu kama sifa, na bila shaka hivyo ndivyo msimulizi alivyokikusudia. Lakini mtu akikisoma kwa jicho la mweka hazina ataona jambo jingine. Nguo za mfalme hazikutoka nyumbani mwake: mwanawe alizirudisha. Kilichotoka ni watu 20 na pembe. Ibn Battuta mwenyewe aongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba zawadi nyingi za watu hao ni pembe, na kwamba ni nadra kutoa dhahabu. Katika habari zote za Kilwa alizoziacha, pengine hakuna neno lenye thamani kuliko hilo. Mji uliotajwa Uarabuni na Uhindi kwa dhahabu yake haukuwa ukigawa dhahabu. Ukarimu wake ulilipwa kwa vitu vilivyopatikana kwa njia nyingine, na njia hiyo pia imetajwa katika habari ile ile: mfalme alikuwa akienda mara kwa mara kuwapiga watu wa bara wasio Waislamu, akateka ngawira, akatenga khumusi yake kama sheria inavyoagiza, na fungu la jamaa za Mtume likawekwa katika hazina ya peke yake. Masharifu walikuja kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko kupokea fungu hilo. Watumwa 10 waliotolewa kwa ajili ya nguo moja walikuwa na kwao, nako hakukuwa mbali sana.

Mgeni huyu alikuwa na desturi ya kupima miji kwa kile alichotendewa. Mwaka 1352 alifika Mali, nchi ambayo mfalme wake Mansa Musa, alipopita Cairo mwaka 1324, alitoa dhahabu nyingi hata bei yake ikaanguka sokoni. Mansa Musa alikuwa amekwisha kufa, na nduguye Mansa Sulayman ndiye aliyetawala. Ibn Battuta aliambiwa kwamba zawadi ya mfalme inakuja. Akasimama kuipokea akitazamia mavazi na fedha, akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, asema, na hakumsamehe mfalme yule. Mali iliandikwa ina mfalme bahili na Kilwa ikaandikwa ina mfalme mkarimu. Kwa kweli nchi ya kwanza ilikuwa juu ya dhahabu yake yenyewe, na ya pili ilikuwa kisiwa kisichokuwa na hata punje moja ya dhahabu ardhini mwake.

Tena kuna jambo kubwa ambalo mgeni hakulitaja kabisa. Mashariki ya mji wa kale, juu ya jabali linalotazama bahari, yamesimama magofu yaitwayo Husuni Kubwa. Neville Chittick aliyachimba katika miaka ya 1960, akaona kwamba lilikuwa kasri la al-Hasan bin Sulaiman huyo huyo, maana jina lake limo katika maandishi yaliyochorwa katika jiwe la matumbawe. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100. Lina ua wa baraza wenye ngazi ambapo mfalme aliweza kukaa mbele ya watu, lina kuba, na upande wa kusini lina ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyofanana na maghala. Ajabu kuliko zote ni birika la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa kwa ustadi ambao haukuonekana mahali pengine katika pwani hii. Kisiwa hakina mto. Maji ya Kilwa ni ya visima, na kila aliyeoga katika birika lile aliogea jasho la wachotaji na wachukuzi wasiotajwa na tarehe yoyote. Si maji peke yake. Matumbawe yalikatwa baharini, chokaa ikachomwa kwa kuni nyingi, boriti zikaletwa kutoka mikokoni, na kila kitu kikapandishwa jabalini. Hakuna jengo jingine la zama zile, kusini ya jangwa la Sahara, lililotumia mawe na chokaa namna hii kwa ajili ya raha ya mtu mmoja.

Ibn Battuta alisema Kilwa ni katika miji mizuri kuliko yote na iliyojengwa vema, lakini akasema ya kuwa nyumba zake ni za miti. Wataalamu wamejadiliana sana juu ya maneno haya, kwa kuwa msikiti mkuu ulikuwa wa mawe kabla yake. Yamkini alisema kweli kuhusu nyumba za watu, na mawe yalikuwa bado ni ya ibada na ya ufalme. Ikiwa ni hivyo, tofauti iliyokuwapo kati ya Husuni Kubwa na makao ya raia ilikuwa kubwa zaidi ya ile ambayo watalii wa leo huidhania, wakipita katika magofu ya karne ya 15 na kudhani kwamba mji mzima ulikaa vile tangu mwanzo.

Fedha ya kujengea kasri kama hilo ilitoka wapi? Hapa yafaa kutazama mji wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1931, miaka 600 kamili baada ya ziara ya Ibn Battuta, jimbo la Nevada katika Marekani lilihalalisha kamari, na katikati ya jangwa ukakua mji wa Las Vegas ambao watalii huuandika kama yeye alivyoiandika Kilwa: taa, vyakula, vyumba, ukarimu usio na mpaka. Mtalii huona watu wakicheza, huyu akipata na yule akipoteza, akadhani utajiri wa mahali hapo ni bahati. Mwenye nyumba hachezi. Yeye huchukua sehemu yake katika kila mchezo, apate atakayepata. Kilwa haikuwa mji wa kamari, na dini ya watu wake iliikataza, lakini hesabu ya hazina yake ilikwenda kwa kanuni hiyo hiyo.

Waliocheza ni wafanya biashara. Chombo kilichotoka Uhindi au Uarabuni kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ya mwaka ule. Kikijaribu kwenda mpaka Sofala, kilihatarisha kukosa msimu na kukaa mwaka mzima ugenini. Kwa hiyo Kilwa ilikuwa mwisho wa upepo wa wengine na mwanzo wa njia ya Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka kubadilishwa kwa nguo na shanga. Mreno Diogo de Alcáçova alimwandikia mfalme wake mwaka 1506 akimweleza desturi iliyokuwapo kabla ya Wareno kuiharibu. Aliyeleta nguo alilipa mithkali moja ya dhahabu kwa kila nguo 500 ili aingie mjini, na juu ya hayo mfalme alichukua fungu kubwa la bidhaa. Fungu hilo kama Alcáçova alivyolitaja ni kubwa mno hata laonekana kuwa na chumvi. Akifika Sofala, mtu huyo alitoa nguo moja katika kila nguo saba kwa mfalme wa Kilwa. Akirudi na dhahabu alipaswa kupita Kilwa tena, akatoa mithkali 50 katika kila 1000. Dhoruba, maradhi, bei mbaya na vita vya bara vyote vilikuwa juu ya mfanya biashara. Mfalme alikaa jabalini akingoja tanga lionekane.

Dhahabu yenyewe haikukaa. Watu wa Kilwa walitumia senti za shaba zilizopigwa humo humo mjini, na zimeokotwa kwa maelfu. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu. Sarafu zake za dhahabu zinazojulikana ni tatu tu, ambazo habari zake zilichapishwa mwaka 1991. Mji ulikuwa mlango, na mlango haubaki na kile kinachopita. Hubaki na ushuru, na ushuru hutegemea wapitao waendelee kupita.

Wakati wa al-Hasan walipita kwa wingi. Florence ilianza kupiga florini ya dhahabu mwaka 1252 na Venice ilifuata mwaka 1284. Baada yake Ulaya yote ilitaka dhahabu, na njaa hiyo ilivuta mpaka Misri, Uhindi na bahari yetu. Mfalme mmoja akiwa amezaliwa katika mawimbi yanayopanda ni rahisi kuamini kwamba yeye ndiye aliyeyapandisha. Husuni Kubwa ni jengo la mtu aliyeamini hivyo. Lakini Chittick aligundua kwamba sehemu za jumba hilo hazikumalizwa, na kwamba halikukaliwa kwa muda mrefu. Hata ule ukumbi mkubwa alioongeza msikitini ulibomoka, ukakaa gofu mpaka ulipojengwa upya katika karne ya 15. Tauni iliyoanza Ulaya na Misri mwaka 1347 iliua wanunuzi wa dhahabu pamoja na wapiga sarafu, na Kilwa, ambayo hakuna anayejulikana kuwa alimwandikia mtu yeyote Florence, ilihisi upungufu huo katika forodha yake.

Hata kabla ya hapo karamu ilikuwa imekwisha. Ibn Battuta mwenyewe aeleza kwamba al-Hasan alipokufa alirithiwa na nduguye Daud, ambaye alikuwa kinyume chake. Waombaji walipomjia aliwaambia kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi ndipo wapewe kidogo, mpaka wakaacha kuja mlangoni pake. Wasomaji wamemhukumu Daud kuwa bahili, kwa sababu msimulizi alimhukumu hivyo. Haikosi kuwa alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile kusema ukweli juu ya hazina. Jumba lisilokwisha lilikuwa mbele ya macho yake kila siku, na kila fundi aliyeachishwa kazi jabalini alilijua jambo ambalo masharifu wa Hijazi walilijua baadaye.

Wageni wa pili walikuja na macho mengine. Cabral alifika Kilwa mwaka 1500, na Vasco da Gama alirudi mwaka 1502 akamtoza amiri Ibrahim kodi ya mithkali 1500, kiasi cha kilo 6 za dhahabu. Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na merikebu za vita. Katika msafara huo alikuwamo Mjerumani Hans Mayr, na habari iliyoandikwa naye ni ya kutia uchungu kwa jinsi ilivyo sahihi. Aliona nyumba za mawe zenye ghorofa, bustani za michungwa na milimau, mabua ya miwa, misikiti yenye kuba ambayo mmoja wake ulimkumbusha ule wa Cordoba. Alikisia watu kuwa 4000, na akaona kwamba watumwa walikuwa wengi kuliko waungwana. Kisha, katika mwandiko ule ule usiobadilika, aeleza jinsi askari walivyoshuka, mapadre wakatanguliza misalaba na nyimbo za kushukuru, na mji ukaporwa bidhaa na vyakula vyake. Ibn Battuta aliorodhesha alichopewa. Mayr aliorodhesha kilichoweza kuchukuliwa. Hesabu hizi mbili zafanana kuliko waandishi wao walivyo tayari kufanana.

Dhahabu ya kodi ya Kilwa ilipelekwa Lisbon, na mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kuwekea Sakramenti mbele ya waumini. Kazi hiyo ya mfua dhahabu Gil Vicente ilimalizika mwaka 1506, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lisbon. Mitume 12 wamepiga magoti humo, kila mmoja akiwa na uso wake, wote kwa dhahabu iliyopita katika forodha ya Kilwa. Ni kazi nzuri kupita kiasi. Mtalii aendaye kuitazama husimama kimya mbele yake, na pengine ndiyo anasa pekee ya Kilwa iliyobaki nzima. Wareno wenyewe hawakukaa: mwaka 1512 waliiacha ngome yao. Walikuwa wameikata njia ya Sofala kwa nguvu, wakakuta kwamba mlango ukivunjwa haukusanyi ushuru tena.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Watu huvuka kutoka Kilwa Masoko kwa boti, wakapanda jabali la Husuni Kubwa, wakapigwa picha katika birika kavu lenye pembe nane. Upande wa pili wa maji ni bara, iliyo na Kikole, Mandawa, Njinjo na vijiji vingine vya wilaya ya Kilwa. Ibn Battuta hakuvitaja, wala Mayr, wala Barbosa aliyeandika baada yao kuhusu hariri na milango iliyochorwa ya watu wa kisiwani. Kwa mgeni, bara ilikuwa msitu ulio nyuma ya mji. Kwa hazina ilikuwa ndio shamba.

Mgeni wa mwisho anayestahili kutajwa hapa hakuona fahari yoyote, kwa maana alikuta magofu. Huyo ni Mfaransa Morice, aliyekuja kutoka Ile de France kutafuta watu wa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Tarehe 14 Septemba 1776 alifanya mkataba na mfalme wa Kilwa: watumwa 1000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila mmoja, na juu ya bei hiyo zawadi ya mfalme, piastre 2 kwa kila kichwa. Kasri lilikuwa limeanguka na njia ya dhahabu imekufa siku nyingi, lakini mfalme alikuwa amepata tena sehemu yake katika kila kipitacho. Katika karne iliyofuata misafara kutoka Ziwa Nyasa ilishuka mpaka Kilwa Kivinje, na waliotembea ndani yake wamefungwa minyororo waliifikia bahari bila kujua kwamba iliwahi kuwako birika jabalini.